Saa ya Kupita Juu ya Korogwe

Korogwe hakuna uwanja wa ndege. Tuna reli, tuna mto, tuna stendi yenye kelele za kutosha mji mkubwa, lakini ndege tunazozijua ni zile zinazopita juu na kutuachia mstari mweupe. Katika mji huo nimeuza tiketi za ndege tangu nikiwa msichana mpaka juzi nilipokabidhi ufunguo. Watu waliniita Mama Tiketi, na wageni wengine walidhani nauza tiketi za basi, wakaja na magunia ya mahindi yao wakaniuliza nauli ya mzigo.

Rukia na Hamisi, ninyi mlionirithi kiti, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ilivyokuwa. Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Mshahara mnaujua, na ofisini tulikuwa wawili tu, mmoja bosi na mmoja si bosi. Nitaandika yale ambayo kompyuta yenu haiwezi kuwaambia.

Bosi alikuwa marehemu Mzee Mgaza, Mzigua wa Handeni, aliyewahi kuwa karani wa stesheni ya treni kabla ya kufungua ofisi ya kuwasafirisha mahujaji. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimepiga pasi gauni, nimejiandaa kuonyesha jinsi ninavyopiga taipu. Hakunipa taipureta. Alinisimamisha mbele ya ramani kubwa ukutani, Afrika na Uarabuni zimeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Pale Dar es Salaam palikuwa na msumari, na kwenye msumari uliningʼinia uzi mweusi wa kushonea magunia.

Akaniuliza Jeddah iko upande gani. Nikanyoosha mkono kulia, kuelekea baharini, maana kwetu mtu akitaja Uarabuni huelekeza kidole pwani. Mzee alishika ncha ya uzi akaivuta taratibu mpaka Jeddah, akaibana kwa kidole gumba. Uzi ulisimama wima kama timazi ya fundi mwashi. Haukwenda kulia wala kushoto. Kutoka Dar es Salaam ulipanda moja kwa moja kaskazini, ukagusa mkoa wetu wa Tanga, ukaingia Kenya, ukavuka Uhabeshi na Bahari ya Shamu, ukafika.

"Kilomita elfu tatu na ushee," akasema. "Saa nne na nusu hewani. Haya, niambie, kutoka hapa mpaka Dar kwa basi ni saa ngapi?"

Nikamwambia inategemea basi. Siku hizo ukiondoka alfajiri na gari likiwa na huruma, unaingia Dar mchana. Likiharibika Segera, unalala huko.

"Basi hiyo ndiyo kazi yetu," akasema. "Tunawachukua watu tunawapeleka kusini kutwa nzima, halafu ndege inawarudisha kaskazini, inapita juu ya kwao kabla chai waliyopewa haijapoa."

Nilitazama ule uzi na mwili ukanisisimka. Nimeuza tiketi nyingi tangu siku ile, nimepanda ndege mara nyingi kuliko nilivyopanda treni, na sijawahi kuuzoea. Barabarani tunapinda, tunasimama, tunavuka madaraja, tunapisha ngʼombe. Kule juu hakuna wa kumpisha. Kazi yenu, wanangu, ni kuwauzia watu kitu hicho, na siku mtakayoanza kukiona cha kawaida, tafuteni kazi nyingine.

Kwa vile yeye mwenyewe hakuacha kustaajabu, Mzee Mgaza alianzisha jambo ambalo sijalisikia katika ofisi nyingine. Kila hujaji aliyekata tiketi kwetu, familia yake ilipewa saa. Haikuwa ya kuondoka wala ya kufika. Ilikuwa saa ya kupita. Alihesabu dakika ishirini na tano tangu ndege kupaa, akawaambia wenyeji wa Korogwe na Handeni kwamba muda huo mtu wao atakuwa juu yao. Wakati ukifika, watu walitoka uani, wakanyanyua mikono, wakamwombea dua msafiri. Nimewaona wakiwa wamesimama mashambani, jembe limelala chini, nyuso juu. Kukiwa na mawingu waliomba hivyo hivyo. Ndege ikionekana, watoto walipiga kelele na wazee walilia kidogo, kisha kazi ikaendelea.

Na hujaji naye aliambiwa, akae dirisha la kushoto akiweza, aitazame milima.

Mwanzoni sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuelezea. Wateja wetu ni wakulima, watu wa muhogo, mahindi na machungwa, ambao huupima mwendo kwa kuchoka. Ukimwambia mtu saa nne na nusu, alidhani Jeddah ni karibu kuliko Dar es Salaam, na kwa namna fulani alikuwa na haki. Mzee mmoja wa Kwamndolwa, pembeni mwa mji wetu, aliniuliza ndege inasimama wapi watu wanywe chai na kuswali. Nilipomwambia haisimami, akanihurumia, kwamba nimedanganywa na waajiri wangu. Mwingine alifunga mikate na kuku wa kutosha siku tatu, akanilaumu aliporudi kwamba amekula kuku mmoja tu na wengine wamemharibikia. Nilijifunza kuwaeleza saa ya tiketi kwa kuchora duara la saa ya ukutani, na kuwafunga wote kitambaa cha kijani kwenye mzigo. Viatu vya kamba tuliwakataza. Mtu anayefungua kamba mbele ya mashine ya ukaguzi, na nyuma yake mahujaji wenzake arobaini wamesimama, anawafundisha wote subira kabla hawajafika Makka.

Baada ya miaka kadhaa Mzee alianza kunituma nisafiri na kina mama, niwaongoze. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili kuhusu mwendo wa ndege, nalo ni zito kuliko chai na kuku. Hujaji hawezi kuingia Makka hivi hivi. Kuna mpaka, tunauita mikati, ambao kabla ya kuuvuka lazima atie nia ya ihramu, yaani ya kuingia katika hija, na kuitika labbaika. Zamani waliokwenda kwa miguu au kwa ngamia walifika mpakani wakapumzika, wakaoga, wakatia nia kwa utulivu. Ndege inaupita mpaka huo hewani. Mhudumu anatangaza, na muda ni mfupi, na ukipitwa hujatia nia inakubidi urudi nyuma au uchinje mnyama wa fidia. Mama mwenye usingizi mzito nilikuwa namkalia karibu.

Sasa nifike kwa Bi Mwantumu.

Alikuwa mjane wa Kwamndolwa, mama wa makamo yaliyokwisha, mpole lakini akishika jambo haliachi. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Zaituni, aliyeolewa Handeni. Mama yao mzazi aliishi miaka mingi kwa Zaituni, huko huko Handeni, na Zaituni ndiye aliyemuuguza. Mwaka mmoja wakati wa masika yule bibi akaja Korogwe kumtembelea binti mkubwa, na siku ya tatu akafariki. Barabara ya Handeni wakati ule haikuwa na lami, na mvua ilikuwa imekata njia. Zaituni alipeleka habari kwamba yuko njiani. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi. Bi Mwantumu, aliyekuwa na uwezo wa kusema tungoje, hakusema. Zaituni alifika jioni ana matope mpaka magotini, akakuta kaburi limeshafunikwa.

Alimwambia dada yake neno moja tu. "Hamkunisubiri." Kisha akageuza, na tangu hapo hawakuzungumza. Njia ilikuja kuwekwa lami, mwendo ukawa wa saa moja na kidogo, lakini wao wawili walibaki mbali vile vile.

Kwetu, anayekwenda hija huzunguka kwanza kuomba radhi. Huenda kwa majirani, kwa aliokopeshana nao chumvi, kwa aliowahi kuwanunia. Bi Mwantumu alizunguka Kwamndolwa yote, akaenda mjini, akapanda gari mpaka Handeni. Mlangoni kwa Zaituni alipiga hodi mpaka jirani akatoka kumwambia mwenyewe yumo ndani lakini hatatoka. Aliniambia haya ofisini akiwa amekaa kwenye benchi la wateja, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Aliniuliza kama hija ya mtu asiyesamehewa na ndugu yake inapokelewa. Mimi ni muuza tiketi. Nilimwambia akamuulize shehe. Shehe alimjibu vizuri, kwamba ameshatimiza wajibu wake wa kuomba, lakini jibu halikumshuka moyoni.

Siku ya safari, uwanjani Dar es Salaam, nikachukua simu nikampigia Zaituni. Sikumbembeleza, kwa kuwa wengine walishambembeleza wakashindwa. Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikamwambia kama tunavyowaambia ndugu wote wa mahujaji: ndege inaondoka saa nane mchana, dada yako atapita juu ya Korogwe saa nane na nusu hivi. Akauliza, "Wapi Korogwe?" Nikasema juu ya Kwamndolwa, pale mama yenu alipolala. Simu ikakatika. Sikumwambia Bi Mwantumu, nisije nikampa tumaini la bure.

Saa nane ikafika na ndege haikuondoka. Tukaambiwa kuna hitilafu ndogo, tusubiri. Nikapiga simu Korogwe kwa familia zote kuwaambia wasitoke juani bure, saa ya kupita imesogea. Saa tisa ikapita. Watu wangu walichoka, mmoja akaanza kuniuliza kama basi lisingekuwa haraka zaidi. Nilinungʼunika moyoni dhidi ya mafundi wote wa ndege duniani. Tulipaa karibu na saa kumi.

Bi Mwantumu nilimkalisha dirisha la kushoto. Muda ulipofika nikamwambia, "Mama, hapa ndipo kwetu." Akaweka paji la uso kwenye kioo. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na milima ilionekana ya buluu, migongo yake imejipanga mpaka kule Lutindi.

"Mwanangu," akasema, "kama tuko juu ya kwetu, mbona milima iko kule mbali?"

Nikamjibu kwamba ndege hupinda kidogo ikipaa. Jibu hilo nililitoa kichwani mwangu hapo hapo, na lilionekana linatosha. Yeye aliendelea kutazama. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilisikia jina la mdogo wake na neno la Kizigua la kuomba msamaha, mara mbili, mara tatu, mpaka milima ikabaki nyuma.

Saa za katikati za safari hiyo sina la kusimulia. Tulikula, wengine walilala, jua likazama upande wetu polepole kuliko linavyozama nyumbani, na anga ikawa na rangi ambayo sijui jina lake. Kisha mhudumu akatangaza kwamba tunakaribia mikati. Kina mama wakaamshana, wakaanza kutia nia, na ndege yote ikajaa labbaika. Nilikuwa napita viti kuhakikisha. Nilipofika kwa Bi Mwantumu, alikuwa amekaa wima, macho makavu, kinywa amekifunga.

Nikamwambia wakati ni huu.

"Nasubiri," akasema.

Nikamuuliza anasubiri nini.

"Mama tulimzika bila kumsubiri Zaituni. Leo nikatie nia ya kusafishwa, nimwache nyuma mara ya pili?"

Niliogopa. Kwa mwendo ule kila dakika tuliyokuwa tunabishana ilikuwa zaidi ya kilomita kumi. Mwili wake haukuwa umefanya lolote, amekaa tu kitini, na bado alikuwa anakimbizwa kuelekea kwenye mpaka ambao hauna kituo wala kona. Handeni na Korogwe mtu anaweza kukaa kando ya njia miaka kumi akiamua. Kule juu hakuna kando ya njia. Nilipiga magoti kwenye ile nafasi nyembamba nikamshika mikono yote miwili.

"Mama," nikamwambia, "kama ndege hii ingeweza kusimama, ningeisimamisha. Haiwezi. Wewe tia nia, na Zaituni umtie ndani ya nia yako. Huko mbele mwombee yeye kwanza kabla ya nafsi yako. Hapo utakuwa hujamwacha."

Aliniangalia mpaka nikadhani tumeshaupita mpaka. Kisha akafumba macho, akatia nia, na labbaika yake ilitoka kwa sauti nzito iliyonifanya nigeuze uso. Mhudumu alipotangaza kwamba tumevuka, bado mama yule alikuwa amenishika mkono.

Siku ya pili huko Makka nilipata laini ya simu nikampigia mwanawe Bi Mwantumu kumwambia mama yake mzima. Aliyepokea hakuwa mwanawe. Alikuwa mwanamke, akaniuliza, "Ndiye wewe uliyenipigia juzi?" Nikampa simu Bi Mwantumu, nikasogea pembeni. Aliyoyasikia alinisimulia baadaye.

Simu yangu ilipokatika siku ile, Zaituni alitoka, akachukua bodaboda. Njiani tairi likapasuka. Alifika Kwamndolwa saa tisa na nusu akijua ameshachelewa, kama alivyochelewa siku ile ya matope. Akaenda kukaa kaburini kwa mama yake. Majirani waliokuwa wanangoja mahujaji wao wakamfuata kumwambia ndege bado haijaruka. Akasimama pale pale. Jioni ikapita ndege, nyeupe, juu sana. Akanyanyua mikono akasema, "Dada, nimekusamehe." Akaona inakwenda mbio, akasema tena kwa sauti kubwa, majirani wote wakasikia. Kisha akawageukia akasema, "Leo nimesubiriwa."

Ile hitilafu niliyoinungʼunikia ndiyo iliyompa muda wa kufika.

Wewe mwenyewe unajua kilichobaki, Rukia, kwa kuwa ulikuwepo. Mwezi wa mwisho wa kazi yangu ulinionyesha kwenye simu yako ile programu inayochora ndege zilizoko angani, vijidege vidogo vya njano vikitembea juu ya ramani. Siku hiyo tulikuwa na mahujaji. Tukaitafuta ndege yao, tukaipata, tukaifuata kwa macho. Ilipaa Dar es Salaam, ikashika kaskazini, ikapita upande wa Pangani na Tanga mjini, huko pwani kabisa. Korogwe haikuigusa. Na ndege iliyokuwa inanguruma juu ya paa letu saa ile ile, uliibonyeza ikaandika kwamba inakwenda Nairobi.

Uliilaza simu kifudifudi mezani, na nakushukuru kwa hilo. Uzi wa Mzee Mgaza haukusema uongo. Ulinyooka sawasawa. Ila ulikuwa mnene kuliko wilaya yetu, ukafunika pwani na sisi pamoja. Miaka yote hiyo vijiji vizima vilikuwa vinawaombea dua ya hija wafanyabiashara wa Nairobi. Pengine iliwafaa. Na Bi Mwantumu aliona vizuri kuliko mimi: milima ilikuwa mbali kwa sababu hatukuwa juu ya kwetu.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda Kwamndolwa. Zaituni siku hizi ni mjane naye, wanaishi pamoja. Niliwakuta wanapukuchua maharage, ungo katikati yao. Nikawaamkia, nikakaa, nikawaeleza yote: ramani, uzi, pwani, Nairobi. Bi Mwantumu alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Zaituni hakucheka. Alimaliza ganda lililokuwa mkononi.

"Kwani niliisamehe ndege?" akasema.

Akapangusa mikono, akaniambia nimefika wakati mzuri, maana alikuwa anakusudia kuja ofisini. Mwaka huu ni zamu yake ya kwenda hija, wanawe wamemchangia. Mambo ya tiketi, pasi na chanjo ameshayamaliza. Kilichobaki ni kimoja.

"Nipe saa ya kupita."

Nikamkumbusha nilichosema sasa hivi, kwamba ndege yao haipiti hapa, kwamba hata kukiwa kweupe dada yake hataiona.

"Nimekusikia, mwanangu. Nipe saa."

Bi Mwantumu alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama upande wa makaburi.

"Mwandikie," akaniambia. "Mimi nitatoka tangu asubuhi. Safari hii mwenye kusubiri ni mimi."

Nikahesabu dakika ishirini na tano tangu saa ya kupaa, nikawaandikia.